UZI: Kashfa inamgharimu mgombea kura ngapi hasa? Rangi, tabia na hesabu za karatasi ya kura Marekani

Mpima_Kura (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila uchaguzi wa Marekani ukipita husemwa mambo mawili yanayopingana kuhusu mpiga kura yuleyule. Wengine husema hajali tena tabia ya mgombea. Wengine husema kashfa fulani ndiyo iliyomwangusha fulani. Pande zote mbili huzungumza bila hesabu, na hesabu ipo wazi. Unahitaji matokeo rasmi ya jimbo na kikokotoo cha simu, basi.

Ninavyoliona mimi, mpiga kura haipimi kashfa ikiwa peke yake. Anaipima kwa kumtazama mpinzani, halafu anatazama milango mingine aliyonayo: kuiruka nafasi hiyo kwenye karatasi, kumpa mgombea wa chama kidogo, kuandika jina kwa mkono, au kutokwenda kituoni kabisa. Ukihesabu mlango mmoja tu utapata jibu la uongo.

Chukua Georgia, Novemba 8, 2022. Republican walikuwa na Brian Kemp kwenye ugavana na Herschel Walker kwenye useneta, siku moja, karatasi moja, wapiga kura walewale. Walker, nyota wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani, alituhumiwa kuwalipia wanawake gharama za kutoa mimba huku akipinga utoaji mimba kwenye kampeni (alikanusha), na ikajulikana ana watoto ambao hakuwahi kuwataja hadharani.

Ugavana: Kemp 2,111,572. Stacey Abrams wa Democratic 1,813,673. Hazel wa Libertarian (chama kidogo) 28,163.

Useneta: Walker 1,908,442. Raphael Warnock wa Democratic 1,946,117. Oliver wa Libertarian 81,365.

Walker kapungukiwa kura 203,130 ukimlinganisha na Kemp. Sasa zifuate zilikokwenda. Warnock kamzidi Abrams kwa 132,444. Oliver kamzidi Hazel kwa 53,202. Jumla ya kura zote za useneta ni pungufu kwa 17,484 kuliko za ugavana, maana yake kuna watu waliopiga ya gavana wakaiacha ya seneta. Jumlisha hizo tatu: 203,130 kamili, haibaki hata moja.

Kwa kila kura 20 zilizomkimbia Walker, 13 zilivuka hadi kwa mpinzani, 5 zikaegeshwa kwa chama kidogo, karibu 2 hazikupigwa. Hizo za Libertarian si za kupuuza. Georgia inadai mshindi avuke nusu. Warnock aliishia 49.4%, wakarudi duru ya pili Desemba 6, akashinda kwa 51.4%.

Karibuni tuchambue, hasa upande wa rangi, maana hapo ndipo pagumu.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, hesabu yako ni safi ila umechagua kipimo kirefu mno. Kemp hakuwa Republican wa kawaida. Alikuwa gavana aliye madarakani, na alishagombana na Trump juu ya matokeo ya 2020, kwa hiyo alivuna hata kwa watu wasiokipenda chama chake. Ukimtumia kama rula, unamtwisha Walker mzigo ambao nusu yake ni umaarufu wa Kemp.

Tafuta mgombea wa chama hichohicho, karatasi hiyohiyo, ambaye watu hawana maoni makali juu yake. Georgia 2022 naibu gavana alikuwa Burt Jones, akapata kama 51.4%. Walker 48.5%. Kwa hiyo gharama ya Walker mwenyewe ni karibu pointi 3, si 5. Kwenye jimbo la kukabana koo hizo 3 zinatosha kupoteza kiti, lakini si maporomoko ambayo watu walitarajia kwa tuhuma nzito kiasi kile.

Jambo la pili, hizo 203,130 ni tofauti baada ya kutoa na kujumlisha. Inawezekana watu laki 2 na nusu walimhama na elfu 50 wakaja kwake kutoka upande wa pili. Matokeo ya jumla hayakuonyeshi hilo. Ukitaka kuliona unahitaji kumbukumbu za kura mojamoja kutoka kwenye mashine, ambazo baadhi ya kaunti za Marekani huzitoa bila majina.

---

Mpima_Kura

Nakubali kuhusu Burt Jones, ni rula bora. Ila nisingetupa ya Kemp. Inaonyesha kwamba Mrepublican aliyeudhika na Walker alikuwa na mahali pa kubaki Republican kwenye karatasi hiyohiyo, na nadhani hilo lilimrahisishia kumwacha.

---

BintiPwani_77

Walker ni Mweusi na Warnock ni Mweusi. Hapo rangi ilipimwaje? Nimesikia ikidaiwa kwamba Republican walimsimamisha ili agawane kura za Weusi.

---

MamaTakwimu

Dada BintiPwani, kama hilo lilikuwa lengo, halikutimia. Mahojiano ya wapiga kura waliotoka vituoni yalimpa Warnock takriban 90% ya Weusi, na Walker akapata kiasi cha Wazungu anachopata Republican yeyote Georgia, kama 7 kati ya 10. Rangi ya mgombea na rangi ya mpiga kura ni vitu viwili tofauti, na chama kinakaa katikati yake. Mpiga kura Mweusi wa Georgia hakuwa anatafuta sura inayofanana naye tu. Alikuwa na historia ya vyama viwili kichwani.

Ugumu wa kupima rangi ni kwamba watu hawasemi ukweli wakiulizwa moja kwa moja. Mfano wanaoutaja wote ni Tom Bradley, meya Mweusi wa Los Angeles, aliyegombea ugavana California 1982. Tafiti za maoni zilimweka mbele, akashindwa na George Deukmejian wa Republican kwa kura kama 93,000 kati ya zaidi ya milioni 7. Mwaka 1989 Virginia, Douglas Wilder, naye Mweusi, alionekana kuongoza kwa nafasi kubwa, akapenya kwa chini ya kura 7,000.

Lakini msiutumie mfano wa Bradley kama msahafu. Mwaka ule Republican walifanya kazi kubwa ya kukusanya kura za posta, na kulikuwa na pendekezo la kudhibiti bastola lililowatoa watu wa mashambani kwa wingi. Mtafiti wa maoni aliyewahoji watu wa siku yenyewe tu alizikosa kura hizo za posta. Sehemu ya kosa ilikuwa ya sampuli. Daniel Hopkins alipochambua chaguzi za ugavana na useneta za 1989 hadi 2006 alikuta pengo hilo kati ya tafiti na kura lilikuwepo mwanzoni, kisha likatoweka kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Obama 2008 kwenye uchaguzi mkuu hakupungukiwa na kura ambazo tafiti zilimpa.

Njia bora ya kuuliza bila kumtia mtu aibu ni ya orodha. Unagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza unalisomea mambo matatu: serikali kupandisha kodi ya petroli, wanamichezo kulipwa mamilioni, kampuni kubwa kuchafua mazingira. Unauliza: mangapi kati ya haya yanakukasirisha? Hataji yapi, anataja idadi tu. Kundi la pili unaongeza la nne: familia ya Weusi kuhamia jirani yako. Kisha unatoa wastani mmoja kwenye mwingine. Utafiti uliochapishwa 1997 ulikuta kwa Wazungu wa Kusini wastani wa 1.95 kundi la kwanza na 2.37 la pili. Tofauti ni 0.42, yaani kama 42% walikasirishwa na hilo la nne. Hakuna mhojiwa aliyelazimika kulitamka.

Inaharibika namna mbili. Kwanza, ukichagua mambo matatu yanayomkasirisha kila mtu, mhojiwa akisema "manne" kashajifichua, kwa hiyo ataficha. Weka angalau moja ambalo wengi halitawagusa. Pili, njia hii inakula sampuli. Ukiwa na watu 500 kila kundi, na mtawanyiko wa majibu kama 0.9, ukingo wa kosa ni takriban pointi 11 juu na chini. Swali la moja kwa moja kwa watu haohao 1,000 lingekupa pointi 3. Unanunua ukweli kwa gharama ya usahihi. Wengi hufanya utafiti huu na watu 300, wanapata namba ya kutisha, wanaitangaza. Haina maana yoyote.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Mama, umefika pazuri. Kwa wanaotaka kesi moja yenye rangi, tabia na kashfa kwa pamoja, ni Louisiana 1991. Sijaona nyingine inayoikaribia.

David Duke aliwahi kuwa kiongozi mkuu wa kundi moja la Ku Klux Klan, jumuiya ya Wazungu wabaguzi, miaka ya 1970. Mwaka 1989 akaingia bunge la jimbo kutoka Metairie kwa chama cha Republican, kwa tofauti ya kura 227. Mwaka 1990 akagombea useneta wa taifa, tafiti za maoni zikamweka chini sana, akatoka na zaidi ya 43%. Hapo watafiti wa Louisiana wakajifunza: Mzungu anayesema "sijaamua" kwenye uchaguzi wenye Duke hawezi kugawanywa nusu kwa nusu, wengi wao wameshaamua.

Mwaka 1991 akautaka ugavana. Upande wa pili alikuwa Edwin Edwards wa Democratic, gavana wa zamani wa mihula mitatu, aliyewahi kushtakiwa mahakama ya shirikisho kwa rushwa katikati ya miaka ya 1980: kesi ya kwanza wazee wa baraza hawakuafikiana, ya pili akaachiwa. Kamari na wanawake hakuvificha. Gavana aliyekuwepo, Buddy Roemer, alikuwa amehamia Republican miezi michache kabla ya uchaguzi.

Kwenye ugavana wa Louisiana wagombea wa vyama vyote huingia kwenye mchujo mmoja, wawili wa juu wanakwenda duru ya pili. Oktoba 19 ikawa hivi: Edwards 523,096, Duke 491,342, Roemer 410,690. Gavana aliyeko madarakani yuko nje. Wapiga kura wamebaki na mtu wanayemwona fisadi na mtu wa Klan.

Duru ya pili, Novemba 16: Edwards 1,057,031, Duke 671,009. Edwards kaongeza zaidi ya kura 533,000 ndani ya wiki nne. Duke kaongeza kama 180,000.

Stika za magari zilizosambaa kipindi kile zilisema "Mpigie kura mwizi. Ni muhimu." Hao waliobandika walijua tabia ya Edwards vizuri kabisa, na bado walimpigia. Kashfa yake haikusahaulika wala kusamehewa. Ilizidiwa uzito. Anayesema "watu wa Louisiana hawajali rushwa" kwa sababu ya 1991 anasoma matokeo bila kutazama jina la pili kwenye karatasi.

Ila msikimbie na 61% ya Edwards kama ushindi dhidi ya ubaguzi. Kati ya Wazungu, Duke alipata walio wengi, kama 55%. Aliyemzuia ni mpiga kura Mweusi, aliyejitokeza kwa wingi na kumpa Edwards zaidi ya 9 kati ya 10, pamoja na Wazungu wachache waliofuata mwito wa wafanyabiashara, viongozi wa dini na hata Rais Bush mwenyewe, ambaye alimkana Duke hadharani.

---

Nyota_ya_Jaha

Na mwisho wao?

---

Kisiki_cha_Mpingo

Edwards alitiwa hatiani 2000 kwa rushwa kuhusu leseni za kamari, akahukumiwa miaka 10 jela, akatoka 2011. Duke alikiri mahakamani Desemba 2002 makosa ya kodi na ya kuwalaghai wafuasi wake kwa njia ya posta. Kwa hiyo wote wawili walifungwa kwa sababu ya fedha. Kwa uchambuzi wetu hilo lina uzito, maana wapiga kura wa Duke walimwona ndiye safi kwenye suala la pesa.

---

BintiPwani_77

Hizo asilimia za Weusi na Wazungu zinapatikanaje kama kura ni ya siri?

---

MamaTakwimu

Swali zuri, na majibu mengi ya mtandaoni hapa hukosea. Majimbo kadhaa ya Kusini, yakiwemo Louisiana, Alabama, Georgia na North Carolina, huandika rangi ya mtu kwenye daftari la wapiga kura. Kwa hiyo kila kituo unajua Weusi wangapi wamejiandikisha na, baadaye, wangapi walikwenda kupiga. Usichojua ni nani alimpigia nani.

Njia ya haraka: chukua vituo ambavyo 90% au zaidi ni rangi moja, soma matokeo yake. Ni rahisi na haidanganyi sana, ila Mweusi anayeishi kituo cha Weusi watupu si lazima afanane na anayeishi mtaa mchanganyiko.

Njia ya pili: kila kituo kiwe nukta moja kwenye grafu. Mlalo ni asilimia ya Weusi, wima ni asilimia ya mgombea. Chora mstari unaopita katikati ya nukta. Pale mstari unapogusa sifuri, hayo ni makadirio ya Wazungu. Unapogusa 100, ya Weusi. Ukiona umepata 104% au hasi 6%, usikate juu ukasema 100. Hiyo ni dalili kwamba Wazungu wa mitaa mchanganyiko wanapiga tofauti na Wazungu wa mitaa yao, na mstari mnyoofu haufai. Gawa vituo kwa mjini na shamba kisha rudia.

Na kosa kubwa kuliko yote: kutumia Weusi waliojiandikisha badala ya waliopiga. Kama Weusi ni 30% ya daftari lakini 24% ya waliojitokeza, makadirio yako yote yamepinda kabla hujaanza.

---

Mpima_Kura

Kujitokeza ndiko kunanipeleka Alabama, Desemba 12, 2017, uchaguzi mdogo wa useneta. Roy Moore wa Republican, jaji wa zamani, alituhumiwa na wanawake kadhaa kwamba aliwafuata wakiwa wasichana wadogo, mmoja akiwa na miaka 14, naye akiwa na miaka thelathini na kitu. Alikanusha. Habari ilitoka Novemba 9.

Doug Jones wa Democratic 673,896. Moore 651,972. Tofauti 21,924. Kura za kuandika jina kwa mkono 22,852, nyingi kuliko tofauti yenyewe. Seneta Richard Shelby, Republican wa jimbo hilohilo, alisema wazi kwamba hakumpigia Moore, aliandika jina la mwingine.

Sasa weka pembeni namba za 2016. Trump alipata Alabama 1,318,255, Hillary Clinton 729,547. Moore kapata 49% ya kura za Trump. Jones kapata 92% ya kura za Clinton, kwenye uchaguzi mdogo wa Desemba! Waliokwenda hawakubadilika sana: mahojiano ya vituoni yalionyesha wainjilisti Wazungu (waumini wa makanisa ya kiinjili) 80% walimpa Moore. Wengi wa wapiga kura wengine wa Trump walibaki nyumbani. Weusi nao wakajitokeza kwa wingi usio wa kawaida kwa uchaguzi mdogo, 96% kwa Jones.

Ukiwauliza waliopiga tu utasema kashfa haikumgusa Moore kabisa. Aliyeguswa hakuwepo kituoni kuhojiwa.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Ongeza na kalenda. Alabama jina la mgombea haliondolewi kwenye karatasi zikibaki siku chini ya 76. Habari ya Moore ilitoka zikiwa zimebaki 33. Chama kikakwama naye, kikamkana, kikamrudia. North Carolina 2024 vilevile: ripoti ya CNN kuhusu maandishi ya zamani ya Mark Robinson kwenye tovuti ya ngono ilitoka Septemba 19, siku ileile ya mwisho kwa mgombea kujitoa. Robinson alikanusha, akabaki.

Na Robinson ndiye kipimo kikali kuliko Walker. Ni Republican Mweusi, naibu gavana wa wakati huo, aliyegombea ugavana. Alipata 2,241,309; Trump jimbo hilohilo siku hiyohiyo 2,898,423. Pengo ni zaidi ya laki 6 na nusu. Josh Stein, mpinzani wake wa Democratic, alimzidi Kamala Harris, mgombea urais wa chama hicho, kwa kama laki 3 na nusu tu, nyingine zikaenda vyama vidogo au zikarukwa. North Carolina imeshaondoa ile alama moja ya kupigia chama chote, tangu 2014, kwa hiyo kila nafasi mtu anaitafakari kivyake. Pale alama hiyo ilipo, mgombea mwenye kashfa anabebwa na wenzake.

Lakini tahadhari: Robinson alikuwa nyuma kwenye tafiti hata kabla ya Septemba 19, kwa kauli zake nyingine. Usiibebeshe ripoti ile pengo lote.

---

Nyota_ya_Jaha

Mbona majaribio ya watafiti huonyesha kashfa inaua mgombea papo hapo?

---

MamaTakwimu

Kwa sababu ya namna yanavyotengenezwa. Mtu anapewa wasifu wa wagombea wawili wa kubuni: umri, kazi, rangi, amewahi kula rushwa au la. Anachagua. Kuchagua hakumgharimu chochote, na mara nyingi chama hakikutajwa. Uchambuzi wa 2020 uliojumlisha majaribio mengi ya rushwa ulikuta yale ya wasifu yanamshusha mgombea kwa kama pointi 30 na ushei, huku yale yaliyofanywa kwenye chaguzi halisi, watu wakipewa taarifa za kweli za wagombea wao, yakikaribia sifuri. Mradi mmoja mkubwa ulifanya hivyo katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo mara mbili. Wastani wa athari: hakuna iliyoonekana.

Ukisoma jaribio la wasifu, uliza mambo matatu: chama kilitajwa? Kulikuwa na chaguo la "simpigii yeyote"? Na kashfa ilikuwa tuhuma au hukumu? Likikosa la kwanza, liache.

Vilevile tabia yenyewe hupimwa kwa rula inayosogea. Taasisi ya utafiti wa maoni ya PRRI iliuliza Wamarekani kama kiongozi aliyefanya maovu kwenye maisha binafsi anaweza bado kuwa mwadilifu kazini. Mwaka 2011 wainjilisti Wazungu 30% walisema ndiyo. Oktoba 2016, mgombea akiwa Trump, 72%. Sioni fundisho jipya la dini lililotolewa miaka hiyo mitano. Chama kilitangulia, maadili yakafuata, na nasema hivyo nikijua Democratic nao walimpa Bill Clinton 1998 faida ya aina hiyo, chama chake kikaongeza viti 5 bungeni Novemba katikati ya sakata lake la uzinzi.

---

BintiPwani_77

Kwetu huku hesabu ya Mpima_Kura inafanya kazi?

---

Mpima_Kura

Sehemu tu, dada. Kenya mtu anapiga kura sita siku moja, Tanzania Bara tatu, Zanzibar tano, kwa hiyo kulinganisha mgombea na wenzake wa chama kunawezekana kituo kwa kituo. Fomu 34A za urais za 2022, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa wazi na tume. Tatizo la Kenya ni rula: muungano mmoja unasimamisha vyama viwili au vitatu kwenye ugavana wa kaunti ileile, basi mgombea wa chama akipungua chini ya rais wake hujui kama ni kashfa au ni mwenzake wa muungano kamla. Anza na kaunti ambazo muungano ulikuwa na mgombea mmoja tu.

Hesabu ya MamaTakwimu ya rangi usiihamishie kwenye kabila. Daftari letu haliandiki kabila, na kukisia kwa majina kunaleta makosa makubwa mijini.

Anayetaka kufanya mazoezi, apakue daftari la North Carolina, ni bure na lina safu ya rangi, chama na kaunti; kama mtu alipiga au la kumeandikwa kwenye faili la pili, nalo ni bure. Aanze na kaunti moja ndogo, alinganishe Robinson na mgombea wa naibu gavana wa chama chake, siyo na Trump. Akikwama aweke jedwali lake hapa tulitazame.